Mimba za wanafunzi vijijini: kabla ya kusema tabia, hebu tutembee kwanza hizo kilomita 9



Leo naomba tuongelee jambo ambalo kila mtu ana jibu lake mfukoni. Ukiuliza kwa nini mabinti wa shule vijijini wanapata mimba, unajibiwa hapo hapo: tamaa. Mwingine atasema utandawazi. Mwingine atasema simu. Mwingine wazazi wa siku hizi. Jibu linatoka haraka mpaka unajiuliza kama huyu mtu amewahi kukaa dakika tano akalifikiria hilo swali.

Na mimi nilikuwa na jibu langu hivyo hivyo. Ngoja niwaambie nililipataje, halafu niwaambie limenitokaje.

Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha pili kwenye shule moja ya kata mkoani Tabora. Jina la shule naliacha, maana hili lingeweza kutokea shule yoyote. Jumatatu moja tukiwa mstarini wavulana tukaambiwa tuingie madarasani, wasichana wabaki. Nesi alikuwa amekuja na vipimo. Sisi tukajazana madirishani, tunabashiri nani atakamatwa, kama watu wanaobashiri mpira. Aliyekamatwa alikuwa binti niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Alikuwa anashika nafasi ya tatu darasani, hesabu nilikuwa nakopi kwake. Aliingia, akachukua daftari zake kwenye dawati, akatoka bila kuangalia mtu.

Kesho yake mwalimu akatuambia hayo ndiyo malipo ya tamaa. Tukacheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikahamia upande wake wa dawati kwa sababu ulikuwa karibu na dirisha.

Miaka imepita, nilimaliza kidato cha nne 2020, sasa hivi naandika andika huku na kule. Lakini lile neno tamaa kila nikilikumbuka linanikaa vibaya. Kwa sababu nilimjua yule binti. Nilijua anatoka wapi, anaamka saa ngapi, anakula nini. Na nikiyapanga hayo kwa mstari naona kabisa kwamba mimba ilikuwa jambo la mwisho kutokea. Kabla yake kulitokea mambo mengi na hakuna aliyeitisha mstari kuyapima.

TUANZE NA TAKWIMU

Serikali yetu hufanya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto kila baada ya miaka kadhaa. Katika utafiti huo wanahesabu mabinti wa miaka 15 hadi 19 ambao tayari wamezaa au wana mimba ya kwanza. Mwaka 2010 walikuwa 23 kati ya kila 100. Mwaka 2015/16 wakapanda wakawa 27. Mwaka 2022 wakashuka wakawa 22. Kwa hiyo kwa miaka 12 tumepanda, tumeshuka, tumerudi karibu pale pale.

Ila hiyo ni nchi nzima kwa pamoja. Ukitenganisha mjini na kijijini picha inabadilika. Mwaka 2015/16 vijijini walikuwa 32 kwa 100, mjini 19. Na ukienda mkoa kwa mkoa unaweza kushika kichwa: mwaka huo Katavi walikuwa 45 kwa 100, kwetu Tabora 43. Mwaka 2022 Songwe ndiyo iliyoongoza, nao 45 kwa 100.

Sasa jiulize. Kama sababu ni tamaa, ina maana binti wa kijijini ana tamaa kuliko binti wa mjini? Mjini ndiko kwenye saluni, simu kubwa, muziki, chipsi na kila kitu cha kutamanisha! Kijijini kwetu kulikuwa na duka moja lenye soda za moto. Hiyo hesabu haikubali.

Takwimu nyingine ya 2015/16: mabinti ambao hawakusoma kabisa, 52 kwa 100 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Waliofika sekondari na kuendelea walikuwa 10 tu. Najua kuna mtu atasema, "Si lazima, maana wakati ule ukipata mimba ulikuwa unafukuzwa, kwa hiyo waliobaki sekondari ni wale ambao hawakupata." Ni kweli, hilo lipo ndani yake. Lakini kumi kwa hamsini na mbili ni tofauti kubwa mno. Shule inalinda. Swali ni kwa nini inawalinda wengine na wengine wanamponyoka njiani. Na nikisema njiani namaanisha njiani kweli kweli, barabarani.

KILOMITA 9

Shule za sekondari za kata zilianza kumea nchi nzima wakati wa mpango wa MMES uliozinduliwa 2004. Kabla ya hapo mtoto wa mkulima kwenda sekondari ilikuwa bahati nasibu. Kwa hiyo mimi sio wa kuzibeza, bila shule ya kata hata kuandika haya nisingeweza. Ila nyingi ni za kutwa, na kata ya kijijini ni kubwa. Kata moja ina vijiji vitatu, vinne au zaidi, na shule inajengwa kwenye kijiji kimoja. Wa vijiji vingine watajiju.

Mwenzangu alikuwa anatoka kilomita 9. Kwenda na kurudi 18. Kwa wiki 90. Hiyo ni karibu sawa na kutoka Tabora mjini mpaka Urambo, kila wiki, kwa mguu, na kandambili.

Anaamka saa 10 usiku, achote maji kwanza maana kwao binti hatoki nyumbani ndoo ziko tupu. Saa 11 yuko njiani, bado giza. Kipande kirefu ni msitu. Anafika saa moja na nusu, amechelewa, anapigwa fimbo za uchelewaji au anafagia uwanja. Chakula cha mchana hakuna, labda kama ana michembe kwenye mfuko. Saa tisa na nusu anaanza kurudi. Akifika jua limezama, kuna ugali wa kupika na wadogo zake wa kuogesha. Asome saa ngapi?

Kwenye barabara hiyo hiyo anapita kijana wa bodaboda. Anamjua, ni wa kijiji cha jirani. Siku ya kwanza anampa lifti bure, mvua inanyesha. Siku ya tatu anampa lifti tena, na chapati mbili. Kwa wiki mbili binti anafika shule amekauka, hajachelewa, hajapigwa, na ana kitu tumboni. Alama zake zinapanda. Mwalimu anamsifia!

Halafu siku moja kijana anasema, "Sasa na wewe mbona hunifikirii?"

Watu wanasema kauzwa kwa chipsi, kauzwa kwa lifti. Mimi naomba uipige hesabu vizuri. Alichokuwa anapewa ni saa tatu za siku yake na ngozi yake kutopigwa. Serikali haikumpa, mzazi hakuwa nacho, shule haikumpa. Aliyempa ni mtu wa miaka 24 mwenye pikipiki. Wewe ungekuwa na miaka 15 ungemwambia nini?

GETO

Wazazi wengine wakiona umbali wanamtafutia mtoto chumba karibu na shule. Sisi tulikuwa tunaita geto. Chumba cha udongo, mlango wa bati usiofungika vizuri, wanalala mabinti wawili au watatu. Mzazi analeta unga debe moja, mafuta kidogo na nsansa, anarudi shamba. Mtoto wa miaka 14 anakuwa mkuu wa kaya.

Unga ukiisha tarehe 20, mwezi una siku 30. Hapo ndipo unaposikia habari za mwenye duka anayekopesha, fundi aliyepanga chumba cha jirani, hata mwalimu. Ndiyo, hata mwalimu, tusifichane. Na usiku ikipigwa disko vumbi ukumbini hakuna mtu wa kumwambia binti lala.

Kuna vijiji vilijenga hosteli kwa michango. Zingine zinafanya kazi vizuri, kuna matroni, kuna geti. Zingine zilijengwa zikaishia kwenye lenta, na zingine zinafunguliwa ila mzazi achangie mahindi na hela kila muhula na hana. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na kwa kweli ilisaidia sana. Ila kilichofutwa ni ada na michango. Unga, mafuta ya taa, sare, viatu na chumba vilibaki kwa mzazi wa tumbaku ambaye hela anaiona mara moja kwa mwaka.

Hapo hapo weka na suala la sodo. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikairudisha, maelezo yakiwa kwamba bei madukani haikushuka. Wabunge walibishana, sisi vijijini hatukuona tofauti. Binti ambaye hana, siku zake zikifika anabaki nyumbani. Siku nne kila mwezi. Anarudi wenzake wameshapita mbali, anaanza kuona darasa gumu, anaanza kujiona mjinga. Binti aliyekwisha kata tamaa na shule ni rahisi sana kumwambia twende nikuoe.

NANI ALIMWAMBIA?

Hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Kila mtu alimwambia usicheze na wavulana. Mama alimwambia, mwalimu alimwambia, kwenye ibada aliambiwa. Sawa. Lakini nani alimwambia mimba inaingiaje? Siku zipi ni hatari? Mtu akikulazimisha ukimbilie wapi? Hakuna. Binti anaweza kupata mimba akiwa bado anaamini kwamba mara ya kwanza huwezi kupata, au ukiruka ruka baada ya tendo inatoka. Msicheke, mambo haya tulikuwa tunaambiana sisi kwa sisi na tunayaamini kabisa.

Zamani kulikuwa na bibi, shangazi, somo, kungwi. Kuna mikoa bado wapo. Kule Mtwara na Lindi unyago upo mpaka leo, watoto wanachezwa wakati wa likizo. Lakini wengine wanachezwa wana miaka tisa au kumi, na wanachofundishwa ni jinsi ya kuishi na mume. Mtoto wa darasa la nne anatoka pale anaambiwa umekuwa. Wazee hawakuwa wajinga, zamani akitoka hapo muda si mrefu anaolewa kweli, mafundisho yalikuwa na mahali pake. Sasa anatoka hapo anarudi darasa la tano. Mafunzo ya ndoa yamebaki, ndoa imesogea mbele, katikati pamebaki pengo la miaka kumi na hakuna anayelifundisha.

Sehemu kama kwetu hata huyo kungwi hayupo tena. Bibi anasema hiyo ni kazi ya shule. Shule inasema hiyo ni kazi ya wazazi. Mama anaona aibu, atamwambia nini mtoto aliyemzaa? Kwenye mtaala wetu sura ya uzazi ya Baiolojia ilikuwa kidato cha tatu. Tulipoifikia mwalimu alichora mchoro ubaoni, akasema mengine mtasoma wenyewe, darasa zima likacheka akatoka. Hiyo ndiyo elimu ya uzazi niliyoipata mimi. Mwenzangu hata hiyo hakuipata, aliondoka kidato cha pili.

Zahanati je? Kijijini nesi ni jirani, anasali na mama yako. Binti akiingia kuuliza habari za kinga swali la kwanza ni "wewe si mtoto wa fulani?" Kabla hajafika nyumbani habari zimeshafika. Kwa hiyo haendi. Mara ya kwanza kwenda zahanati ni siku ya kliniki.

MNADA, MAHARI NA LA SABA

Si wote wanaopatia mimba shuleni. Wengi wanaondolewa shule kwanza, kwa upole, bila mtu kugundua.

Mtihani wa la saba unafanyika Septemba. Kuna wazazi wanamwambia binti andika ovyo, ufeli. Hili nimelisikia kwetu na limesemwa sana hadharani Kanda ya Ziwa na kusini, sio siri. Akifaulu kuna gharama na mzazi asipompeleka sekondari atafuatwa na mtendaji. Akifeli yuko huru. Ana miaka 13 au 14, hana shule, hana kazi, hana ufundi. Ikifika msimu wa kuuza tumbaku vijana wana hela, na mahari ni ng'ombe. Mwaka wa pili ana mtoto.

Huyu hahesabiwi kwenye mimba za wanafunzi kwa sababu siyo mwanafunzi! Tukisoma ripoti ya mimba mashuleni tujue kuna wengine wengi nje ya hiyo orodha.

Na sheria inafungua mlango. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamkatalia, ikasema ule uamuzi wa kwanza ubaki. Upande mwingine, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Mzee wa kijijini anayetaka ng'ombe kumi anachagua ile sheria inayomfaa, kama anazijua hata.

MIAKA 30 JELA, LAKINI NANI AMEFUNGWA?

Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, ukimpa mwanafunzi mimba au ukimwoa ni miaka 30 jela. Na kabla ya hapo, tangu 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inasema kulala na msichana chini ya miaka 18 ambaye si mke wako ni kubaka, hata kama alikubali. Kwa karatasi tuko vizuri sana.

Sasa tuone kesi inavyokufa kijijini. Binti amepimwa, ana mimba. Anaulizwa nani. Akimtaja, jioni baba wa kijana anakuja na wazee wenzake. "Ndugu yangu, mambo haya tuyamalize kifamilia. Mtoto wangu akifungwa miaka 30 wewe utapata nini? Huyu binti yako na mjukuu nani atawalisha?" Ng'ombe watatu, laki kadhaa, yanaisha. Siku ya kesi binti amesafirishwa kwa shangazi yake, shahidi hakuna, faili linafungwa. Mwingine anamtaja mtu asiyekuwepo, dereva wa lori aliyepita. Kipimo cha vinasaba kinafanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, nani atalipa nauli za kufuatilia? Cheti cha kuzaliwa cha kuthibitisha umri hakuna.

Adhabu kali ni nzuri, lakini ikiwa kali namna hii na familia ni maskini namna hii, inakuwa kitu cha kufanyia biashara. Kadiri kifungo kinavyokuwa kirefu ndivyo bei ya kunyamaza inavyopanda. Na aliyepokea ng'ombe ni baba, siyo binti.

Halafu kuna jambo gumu: wakati mwingine mvulana naye ni mwanafunzi wa miaka 16. Watoto wawili. Naye hakuambiwa chochote na mtu yeyote. Hapo miaka 30 inamsaidia nani?

MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Mwenzangu alifukuzwa wakati mbaya. Kuwafukuza wenye mimba ilikuwa desturi ya miaka mingi, lakini Juni 2017 Rais Magufuli akiwa mkoani Pwani alitamka kwamba katika uongozi wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shuleni. Ikawa imefungwa. Novemba 2021, wakati wa Rais Samia, Waziri wa Elimu Profesa Ndalichako alitangaza kwamba wanaokatiza masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Muda uliowekwa ni hadi miaka miwili.

Nilifurahi sana siku ile. Nilimtafuta mwenzangu kwa simu ya jirani yake. Nikamwambia, umesikia? Akasema amesikia redioni. Nikamwambia miaka miwili yako imepita lakini kuna masomo ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, unaweza kusoma sekondari kwa njia hiyo. Akaniuliza kituo kiko wapi. Nikamwambia wilayani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, mimi nilishindwa kilomita tisa nikiwa peke yangu. Sasa hivi nina mtoto mgongoni."

Sikuwa na jibu.

Waraka ulikuwa jambo kubwa na wapo waliorudi. Lakini mlango ukifunguliwa na barabara ikabaki ile ile, wanaoingia ni wale wanaokaa karibu na mlango. Anayerudi anahitaji mtu wa kubaki na mtoto, hela ya maziwa au nafasi ya kunyonyesha, mwalimu asiyemwita mama fulani mbele ya darasa, na wenzake wasiomcheka kama tulivyocheka sisi.

Na hapo sijagusa afya. Nyonga za mtoto wa miaka 15 mara nyingi hazijakomaa. Uchungu unaweza kuchukua siku mbili, hospitali iko mbali, mtoto anakwama. Wengine wanafariki. Wengine wanapona na fistula, mkojo unavuja muda wote, mume anamkimbia. Fistula inatibika, CCBRT pale Dar wanafanya upasuaji huo kwa miaka mingi, ila wengi vijijini hawajui, wanadhani wamelogwa.

SASA TUFANYEJE?

Mi siyo mtaalamu, elimu yangu ni kidato cha nne. Lakini nikiangalia huo mlolongo naona sehemu za kuukata, na nyingi hazihitaji semina wala kofia na fulana.

1. Bweni la wasichana kwenye kila shule ya kata yenye vijiji vya mbali. Siyo la kifahari, vitanda, maji, matroni na mlango unaofungika. Serikali kupitia mradi wa SEQUIP imejenga shule za wasichana za mikoa, moja kila mkoa, mikoa 26. Ni nzuri, hongera. Lakini moja kwa mkoa kama Tabora, ukubwa ule! Hizo ni za waliofaulu sana. Wa wastani wanabaki na kilomita zao.

2. Uji wa mchana. Mahindi yapo vijijini. Kamati ya shule ikisimamia bila wizi, debe mbili kwa mzazi kwa mwaka zinawezekana. Binti aliyeshiba chapati ya bodaboda haimtetemeshi.

3. Waliofeli la saba wasiachwe hewani. Ushonaji, uselemala, chochote, karibu na kijiji.

4. Elimu ya mwili ianze kabla mwili haujaanza. Kidato cha tatu ni kuchelewa. Na ifundishwe kwa wavulana pia, maana mimi na wenzangu madirishani tulikuwa hatujui chochote zaidi ya kucheka.

5. Wanaume wazima wa kijiji. Watendaji, wazee, waendesha bodaboda, walimu. Kila mtu kijijini alikuwa anamwona yule binti kwenye ile pikipiki asubuhi. Kila mtu! Hakuna aliyemsimamisha yule kijana kumuuliza. Walisubiri tumbo ndiyo wakaongea.

Najua kuna watakaosema natetea uzinzi. Hapana. Maadili ni ya muhimu, mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ya kumcha Mungu. Ila mahubiri yanampata binti Jumapili au Ijumaa mara moja, na ile barabara inampata mara kumi kwa wiki.

Nilimwona mwenzangu mwaka 2025, mnadani, anauza karanga na michembe. Tulisalimiana, tukacheka mambo ya darasani, akanikumbusha nilivyokuwa nakopi hesabu zake. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile siku ya dirishani, maneno hayakutoka. Labda atayasoma hapa, labda hatayasoma.

Mwanaye ni wa kike. Alikuwa ameanza darasa la kwanza Januari ya mwaka huo, na alisema anajua kuhesabu mpaka mia tayari. Shule ya msingi iko pale pale kitongojini, hatua chache tu. Nikamuuliza kuhusu sekondari, kama kuna mpango wa kujenga ya karibu. Akasema waliambiwa wachangie tofali, wakachangia, tofali ziko pale, zimeota majani.

Huyo mtoto alikuwa na miaka sita na nusu. Tuna miaka michache tu kabla hajaanza kutembea.

Naomba kuwasilisha. Wadau wa vijijini, kwenu shule ya sekondari iko kilomita ngapi?